Wameifuta Pumzi ya Bi Hidaya

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naitoa kila asubuhi nikifungua meza yako ya kutengeneza redio pale mtaa wa Gerezani, na ijapokuwa hakuna wa kuniitikia marahaba, mkono wangu haushiki bisibisi kabla sijaitoa. Leo naiandika, kwa sababu nina kinyaa ambacho nimeshindwa kukimeza.

Wameitoa upya ile albamu ya bendi ya mafundi wa karakana, zile nyimbo sita ulizozirekodi Jumapili moja nikiwa na miaka kumi. Sasa iko kwenye sidii, inang'aa kama kioo, na kwenye jalada wameandika kwamba imesafishwa kwa mitambo ya kisasa. Nimeisikiliza yote. Kwenye wimbo wa tatu nilitoka uani nikatema mate, kisha nikarudi kuimalizia.

Unaikumbuka siku ile kuliko mimi, lakini acha nikusimulie. Mlipewa ukumbi wa kulia chakula wa karakana kwa sababu ndio uliokuwa mtupu Jumapili. Ulikuwa na maikrofoni mbili tu na ile mashine ya utepe uliyoiokota ikiwa mbovu, ukakaa nayo miezi mpaka ikazunguka. Kabla bendi haijafika ulinituma nizunguke ukumbini. "Piga kofi," ukasema. "Sogea. Piga tena." Ulikuwa umefumba macho. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha, na nilipolalamika ukaniambia ukumbi nao unaimba, lazima kwanza tujue sauti yake. Ndipo ukaifunga maikrofoni moja kwenye boriti kwa kipande cha kanga ya mama, ukamrudisha mpiga ngoma nyuma hadi karibu na mlango wa jikoni, na mwimbaji wenu, Bi Hidaya, ukamsimamisha mahali ulipopachora kwa chaki. Ulimletea kiti akakikataa. Akakwambia, "Nikikaa sauti inakaa."

Ulirekodi kila wimbo mara moja tu, maana utepe haukuwa wa kuchezea. Mwisho wa wimbo wa sita, chombo cha mwisho kikiwa kinazimika, ulisema taratibu, "Haya, imeingia." Hukujua kwamba na wewe umeingia.

Santuri ilipotoka ulikuja nayo Magomeni umeikumbatia. Majirani walijaa barazani, mama akachemsha chai mara tatu. Niliona ulivyoligeuza jalada, ukaligeuza tena. Majina ya wapigaji yalikuwepo yote, hata la aliyepiga njuga. Lako halikuwepo. Mama alipouliza ulimjibu, "Mimi sikupiga chochote." Ukacheka, lakini nilikuwa nimekaa karibu nawe, na hukucheka sana.

Hilo jalada ndilo lililoniponza. Ulifariki miaka ile masharti ya biashara yalipoanza kulegezwa, hukuuona mji ulivyogeuka. Kariakoo sasa ina kila kitu. Zamani tulikuwa tunatafuta betri mwezi mzima. Leo barabara ya Msimbazi ni maduka ya redio mlango kwa mlango, spika zimepangwa nje kama makabati, kila moja inapiga wimbo wake. Katika maduka hayo kuna kijana mmoja wanamwita Saidi Spika. Alikuja mezani kwangu mwaka jana, amevaa vizuri, ana adabu, akaniita dada. Akasema ana kompyuta ya kusafishia muziki ameileta kutoka Dubai, na amesikia utepe wenyewe wa bendi ya karakana uko kwangu.

"Tutautoa kwenye sidii, dada. Watoto wetu waujue muziki wa baba zao."

"Na jina la baba yangu?"

"Litakuwa la kwanza."

Nikampa, baba. Nilikuwa nimeuhifadhi miaka yote kwenye debe la biskuti, nikautoa kwa mikono yangu miwili.

Sidii ilipokuja niliiweka kwenye mashine moja na santuri yetu kwenye nyingine, nikasikiliza wimbo kwa wimbo, kama ulivyonifundisha kulinganisha spika. Kwenye santuri kuna mchakacho, ndiyo, na mikwaruzo ya miaka. Lakini nikifumba macho nauona ukumbi. Ngoma iko kule mlangoni, gitaa liko kushoto, Bi Hidaya yuko hatua chache mbele yangu na sauti yake inapanda kwenye mabati na kushuka. Kwenye sidii hakuna ukumbi. Mchakacho wameufuta, na ulipoondoka umeondoka na kila kitu chembamba: vidole kwenye nyuzi, mlio wa mwisho wa njuga, hewa. Halafu wakaona pamekuwa pakavu mno wakamwagia mwangwi wa mashine, kwa hiyo Bi Hidaya anaimba kama mtu aliyefungiwa kwenye pipa. Besi wameikuza mpaka vikombe vinatetemeka kabatini. Na juu ya mpigaji wako wamebandika ngoma ya kompyuta, ta, ta, ta, haichoki, haisikilizi wenzake. Katika wimbo wa tatu, pale ambapo Bi Hidaya anavuta pumzi ndefu kabla ya kuingia, pumzi ile ambayo sisi sote nyumbani tulikuwa tunaivuta pamoja naye, kimya. Wameikata. Anaanza kuimba ghafla tu, kama redio iliyowashwa.

Hapo ndipo nilipokwenda kutema mate.

Wimbo wa sita unafifia kabla haujaisha. "Haya, imeingia" haimo. Na kwenye jalada, chini, pameandikwa fundi wa sauti: Saidi.

Kesho yake nilikwenda dukani kwake. Alikuwa ameiweka kwenye spika kubwa kuliko zote na watu wamesimama wanatikisa vichwa. Ilinichefua zaidi kuona wanaipenda. Nilimwomba azime, akapunguza.

"Umemtoa baba yangu," nikamwambia.

"Nani?"

"Mwisho kabisa. Kuna mtu anasema haya, imeingia."

"Aa, ile sauti. Ile ni kelele, dada. Mtu anaongea ovyo kwenye wimbo."

"Ndiye baba."

Akaligeuza jalada mkononi. Kisha akasema nafasi kwenye jalada ilikuwa ndogo, na wateja wa siku hizi wanataka besi, na kwamba hata mzee mwenyewe angekuwa hai angefurahi. Hilo la mwisho lilinifanya nimwangalie usoni muda mrefu. Nikadai utepe. Akaniletea ukiwa kwenye mfuko wa plastiki, na kabla sijatoka akaniuliza kama ni kweli uliacha utepe wa pili, wa nyimbo ambazo hazikutoka. Nilimwambia nitafikiria, ili niondoke tu.

Nilipouzungusha kwenye mashine yako niligundua wameukata mwisho kwa mkasi. Walidhani ni kelele tu. Sasa sauti yako inasikika kwenye santuri peke yake, baba, nyuma ya mikwaruzo.

Sikujua nimpelekee nani hasira hii. Nikambebea Bi Hidaya. Bado anaishi Magomeni, mitaa miwili kutoka kwetu, anauza vitumbua asubuhi na haimbi tena. Nilibeba na mashine zote mbili, nikaanza kumpigia sidii. Akatabasamu. "Kumbe nilikuwa na sauti kubwa hivi," akasema, nami nikajiona mjinga na kinyaa changu. Lakini ulipofika wimbo wa tatu uso wake ulibadilika.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha.

"Pumzi yangu iko wapi?"

Nikamweleza wanavyosafisha. Nikaweka santuri, nikaishusha sindano mahali pale. Pumzi ikaja, ndefu, nzito, na Bi Hidaya akaweka mkono tumboni.

"Nilikuwa na mimba ya miezi saba," akasema. "Chini ya kitenge hakuna aliyejua ila baba yako, ndiyo maana alileta kiti. Mtoto alianza kugeuka pale pale, nikasema nikikosea utepe wa watu utaharibika. Nikavuta pumzi nikamtuliza, nikaimba." Akaitazama santuri ikizunguka. "Alizaliwa mzuri. Hakumaliza wiki. Hana picha, hana chochote. Ana pumzi hiyo tu."

Tulisikiliza mpaka upande ule wa santuri ulipokwisha. Nilimwachia santuri na mashine yake. Alisema hataki, nikamwambia ni agizo lako. Nisamehe, nilidanganya.

Hasira yangu kwa Saidi imepungua tangu siku ile, maana yeye hakujua. Kinyaa kilichobaki ni juu yangu mwenyewe. Mimi nilikulia kwenye makofi yale, nilijua vitu vyembamba ndivyo vinavyobeba uzito, nikautoa utepe kwa sababu ya jina kwenye karatasi, jina ambalo wewe mwenyewe hukulidai.

Juzi alipita tena Gerezani kuulizia utepe wa pili. Nilimkalisha kwenye kigoda chako, nikamvika hedifoni, nikamchezea wimbo mmoja wa utepe huo. Nilitaka kwa moyo wote asikie. Alisikiliza hadi mwisho, kwa heshima, akazivua.

"Wimbo mzuri, dada," akasema. "Ila una kelele nyingi."

Nikamwambia aende.

Pumzika, baba. Mama anakuombea kila Ijumaa, mimi nakuombea nikiwa kazini.

Binti yako, mrithi wa meza.