Usiishushe Picha ya Mama

Zuhura mdogo wangu,

Nakusalimu kwanza, maana hata mwenye habari mbaya hupiga hodi. Goti lako likoje? Langu linauma mvua ikinyesha, na London mvua haingoji kualikwa. Anayeandika ni Mwanaidi mwanangu. Maneno ni yangu, nimemkataza kuyapamba.

Umesema unapaka nyumba chokaa kwa ajili ya harusi ya mwanao, na ile picha ya mama aliyoichora fundi wa mabango utaishusha, kwa kuwa miaka yote naitukana. Kweli nimeitukana. Aliiga picha ya kamera, nyeusi na nyeupe, akampaka mama kanga ya kijani ambayo hakuwa nayo. Kidoti cha shavuni akakiacha, akidhani ni uchafu. Nami nikijigamba, "Ya kweli ninayo mimi huku."

Sinayo. Wakati wa baridi niliitia mfuko wa ndani wa koti, nikamwonyeshe mwenye duka wa mtaa wetu huku, Kingsbury, Mhindi mzaliwa wa hapo hapo Tanga. Kesho yake nikalitia koti kwenye mashine ya kufulia. Kilichotoka ni karatasi nyeupe, imejikunja kama ganda la kitunguu. Mwanaidi anataka kuandika "imeharibika." Andika: nimemfua mama. Nikaona haya kukwambia.

Juzi mjukuu wangu Salma kanipeleka jumba la picha za kuchora. Huyo Kiswahili anakisikia, lakini hujibu Kizungu, nasi tunaelewana hivyo hivyo. Kuna bibi wa Kizungu kavaa kola kama sinia, kachorwa miaka mia tatu na ushei iliyopita. Salma akasoma kibao: aliyechora aliiga kazi ya mchoraji mwingine.

"Kwani yeye alimwona huyu mama kwa macho yake?"

"Hapana, bibi. Aliona picha tu."

"Basi naye fundi wa mabango. Na ile ya kwanza iko wapi?"

"Ilipotea. Imebaki hii."

Nikamtazama yule bibi wa kola. Pua imenyooka mno, vidole kama vya mwanasesere. Lakini ndiye huyo sasa, hana mwingine. Nikaketi kwenye benchi. Salma akadhani ni goti.

Kwa hiyo usiishushe. Paka chokaa kuizunguka. Mwite fundi, kama hayupo mwite mwanawe, aweke kidoti: shavu la kushoto, kushoto kwake mama, si kwako unayetazama, chini ya jicho, kama punje ya mtama. Msimamie mpaka amalize. Tunaojua kilipokuwa tumebaki wawili. Kijani aache, nimeshakizoea.

Msalimie mumeo, shemeji yangu asiyesikia la mtu, na wifi yetu muuza vitumbua. Bibi harusi mwambie nampenda kabla sijamwona. Siku hiyo asimame chini ya mama, wapigwe picha wote wawili, kisha mnitumie moja.

Nitaiweka mbali na koti.

Ni mimi dada yako mkubwa, mkali yule yule,
Mwanahawa