Kilemba cha Mheshimiwa

Mdogo wangu Ujunwa,

Huku viazi vikuu vimekubali, na paa la mama limezibwa. Umeuliza mbona kwenye picha za bunge la jimbo siku hizi navaa kilemba.

Mume wangu Okwudili alipofariki, mabinti wa ukoo wake walikuja na wembe. Nikawaambia, "Kumnyoa mjane kwa nguvu ni kosa. Sheria hiyo nimeipigania mimi, miaka sita."

Shemeji mkubwa akacheka. "Basi, Mheshimiwa, kamzike mumeo huko bungeni. Hapa kwa baba yake hazikwi mpaka unyolewe."

Maiti ikakaa mochwari wiki tatu. Watoto wakaacha kunisemesha. Nikaketi chini mbele ya wembe wao, nikainamisha kichwa.

Jana mjane mmoja, Adaku, alikuja ofisini na nakala ya sheria ile.

"Kesho wanakuja kuninyoa. Nikatae?"

"Kataa. Sheria iko upande wako."

Akanitazama kichwani. "Mama, hebu vua kilemba."

Sikuvua. Akaiacha karatasi yake mezani, akaenda zake.

Barua hii nimeiandika nyuma ya karatasi hiyo.

Dada yako,
Nwakaego