Jembe Langu Limetundikwa Makumbusho

Tabora, Novemba 1971. Miezi minne tangu niwaache.

Mke wangu Tausi, hamjambo? Mimi mzima, ila nimeudhika. Kijiji hiki kimefungua makumbusho ya misafara ya kale. Viingilio vinanunua miche ya kuzuia ardhi isimomonyoke, nami ndiye mchimba mashimo. Jana katibu wa kijiji alilichukua jembe langu akalitundika ukutani, akatangaza: "Jembe la mahari, enzi za misafara!"

"Ndugu katibu, nimelinunua dukani Nzega juzijuzi."

"Ndugu, usibishane na historia!"

Mabwana waliokimbia jembe maisha yao yote sasa wanalipa kulitazama! Mimi nachimba kwa panga, kama kichaa. Wasalimie watoto. Kwa panga kazi haiishi upesi, kwa hiyo msinitazamie Desemba. Nitafika Januari.

Mumeo, Saidi