Gari Limepata Chumba

Jumatatu, 3 Machi
Zege tangu asubuhi. Mabega yanawaka. Lori la mchanga limesimama barabarani kama kawaida, maana kiwanja chetu hapa Engutoto ni chembamba na geti halilipitishi. Dada wa ushuru akaja na kimashine chake, akalichapia risiti. Ndivyo ilivyo, kila lori, kila siku, maegesho ya jiji. Nikamwambia, "Dada, na mimi nimesimama hapa tangu alfajiri, nichapie." Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe kaka umechakaa. Wewe tunaita brekidauni likuvute." Watu wakacheka mpaka makoleo yakaanguka. Nami nilicheka. Kisha nikakumbuka huu ni mwaka wa pili sijaiona Kasulu, kwetu.

Alhamisi, 6 Machi
Mzee Elisaria, msimamizi wetu, kanionyesha chumba kando ya geti. Kuta zimeshasimama. Dirisha linatazama Mlima Meru. Nyumba zikiisha anataka mimi niwe mtunza jengo, nikae humo na familia. Nilishukuru kama mtoto. Nyumba hizi ni za bei nafuu, za walimu na manesi na wauza mboga. Nimebeba tofali zake bila kufikiri kwamba na mimi ningelala ndani.

Nilimpigia mke wangu. Mama Pendo hakuamini. Aliuliza kama kuna mahali pa jiko. Nikasema papo. Basi atavuna maharage, aje na mtoto. Nikamkumbusha kufunga mlango usiku, wezi wapo. Hasikii. Tangu niondoke haweki komeo, anauegesha tu. Anasema nikirudi usiku nisije nikabisha hodi kwangu kama mgeni.

Jumamosi, 8 Machi
Nusu siku. Nilikwenda Tengeru, siku ya soko. Nimenunua kitambaa cha pazia. Kijani, kina ndege. Dirisha nililipima kwa mkono kabla ya kutoka. Muuzaji aliuliza ni cha sebuleni? Nikasema ni cha mke wangu, yuko nyumbani ananisubiri. Si uongo. Nyumbani kwenyewe tu ndiko mbali.

Jumatano, 12 Machi
Kazi imesimama. Tajiri anayejenga nyumba hizi anasema ushuru wa maegesho unamla kuliko saruji. Ameomba jiji limsamehe, kwa kuwa nyumba ni za watu wa chini. Likikataa, anaacha. Tumeambiwa tusubiri.

Nimekaa juu ya kokoto siku nzima. Mvua. Neno hili maegesho nimelichoka. Kwetu tunaegesha mlango, tunaegesha baiskeli ukutani. Kitu utakachokirudia. Mimi nimeegeshwa hapa na simwoni wa kunirudia.

Jumapili, 16 Machi
Kanisani. Sijui kama inafaa kumwomba Mungu habari za maegesho. Nimeomba hivyo hivyo.

Ijumaa, 21 Machi
Wamesamehe! Madiwani wamekubali. Mzee Elisaria alishuka na mkungu wa ndizi kutoka shambani kwake, tukachoma palepale kwa mabaki ya mbao. Dada wa ushuru alipita, kimashine mfukoni. Tukamkaribisha. "Mmeninyima kazi, halafu mnanipa ndizi," akasema. Akala tatu. Nilimpigia Mama Pendo nikashindwa kusema vizuri, nacheka tu. Na yeye anacheka. Ameshaanza kuuza kuku.

Jumatatu, 24 Machi
Kulikuwa na sharti. Malori yetu yamesamehewa, lakini watu wakishahamia, magari yao yasilale barabarani. Yalale ndani. Na ndani nafasi ni upande mmoja tu, pale kando ya geti.

Mzee Elisaria alinieleza huku akitazama viatu vyake. "Pole, Stefano. Ningekuwa na la kusema kule kwa madiwani, ningelisema." Kazi ya kutunza jengo bado ipo, chumba hakipo. Kwa mshahara ule siwezi kupanga na familia mjini. Natafuta mtu wa kumchukia, simpati. Ushuru usingesamehewa, nyumba zisingekuwepo. Umesamehewa, chumba hakipo.

Alitaka wengine wabomoe. Nilikataa. Nyundo niliishika mimi. Saruji ilikuwa bado changa, tofali zilitoka bila ubishi. Hilo ndilo lililoniuma.

Gari limepata chumba. Mama Pendo hajapata.

Sijampigia.

Jumapili, 30 Machi
Nimempigia. Nilisema yote kwa mkupuo. Akauliza hilo gari ni la nani. Nikasema halijaja, hata mwenyewe hajulikani. "Kumbe," akasema, "halijazaliwa na limetuwahi." Akacheka kidogo. Kuku wawili walishakwenda, waliobaki hatawauza tena.

Aliuliza pazia ni la rangi gani. Nikamwambia. Akasema nilipeleke, dirisha la kule nalo ni dirisha.

Wiki hii tunamwaga sakafu ya magari. Nitaisawazisha vizuri, sakafu yenyewe haina kosa. Kisha nitapanda basi.

Jioni mlima umefunguka mpaka kileleni. Nimeuangalia sana. Pazia nimelikunja, nimeliweka juu ya begi.

Juma, ninayelala naye chumba kimoja, ameniuliza kama nimesahau komeo. Sijasahau. Mlango nimeuegesha tu.