Nani Anaendesha Vantoro?

Jumatatu, 1 Septemba
Nimerudi saa kumi kutoka Ndau, nimefunga paneli mbili za madrasa. Kuoga, chai, mbaazi za asubuhi zilizobaki. Kisha nikawasha gemu kwa mizunguko yangu mitatu ya kila siku.
Kuna kitu hakiko sawa. Jana Vantoro nililiacha kwenye kilomita 412. Leo linasoma 431. Mimi sikuligusa.
Miezi saba nimeshindana kwenye hii gemu ili nilifungue gari hili. Kiti kimoja, pua ndefu, magurudumu yote nje, halina paa. Jipya, lakini wamelipa sura ya magari ya mbio ya zamani. Mbwajumali nzima hakuna mwingine mwenye nalo. Na sasa mtu ananiendeshea.

Jumanne, 2 Septemba
451, na mimi sijaliendesha tena. Ubavu wa kushoto umekwaruzwa.
Betri ya sola ya nyumba nayo imeshuka mno kwa siku ya jua kali kama leo. Mtu anaweza kunidanganya, betri haiwezi. Ni kazi yangu, naijua.

Alhamisi, 4 Septemba
Nimepiga hesabu ya watu. Mchana mimi niko kazini. Mama yuko eda, mwezi wa tatu huu tangu Baba atutoke. Hatoki nje, anashinda na tasbihi yake, na hata televisheni huniita nimwashie. Wanawake wanaokuja kumpa pole huishia chumbani kwake. Anayebaki ni ndugu yangu Twaha. Huja kila adhuhuri kumletea Mama samaki. Ana ufunguo.
Na gari hili analionea kijicho tangu siku nilipolipata. Alicheka, akasema hongera. Ile hongera sikuipenda.

Ijumaa, 5 Septemba
Nimeficha padi ya gemu juu ya kabati. Tuone.

Jumamosi, 6 Septemba
478. Padi imerudishwa palepale, imegeuzwa kidogo tu. Kigoda cha jikoni kilikuwa kando ya kabati. Twaha ni mrefu, hana haja ya kigoda. Basi amekiweka kunipoteza. Mjanja.

Jumapili, 7 Septemba
Nimekumbuka kivuli. Gemu huhifadhi mzunguko wa mwisho, ukiuwasha unaona gari lako kama moshi likipita vilevile lilivyopita. Nimeuwasha.
Sijawahi kuona uendeshaji wa namna ile. Gari la mbio, linakwenda kama punda aliyebeba mawe! Limeshika upande wa kushoto mzunguko mzima. Linapunguza mwendo kila kona. Kwenye kona ya juu, ile yenye bahari upande wa kulia, likasimama. Dakika kumi na moja limesimama. Nimekaa nimelitazama dakika zote kumi na moja.
Twaha anaendesha vizuri kuniliko. Kwa hiyo anafanya makusudi. Anajua nitatazama. Ananikejeli.
Nina hasira.

Jumatano, 10 Septemba
Nimemkabili. Nilimngoja gatini, mbele ya mafundi wenzake wa injini za boti. Nilikuwa nimepanga kusema taratibu. Sikusema taratibu.
Amekana. Akauliza, “Wanishitaki kwa gari la tivii?” Wenzake wakacheka. Nikasema basi nitamwendea Ustadhi Ali asome Halbadiri, laana yake impate aliyeniingilia. Kicheko kikakatika. Halbadiri hapa hakuna mtu anayeifanyia mzaha. Ikishasomwa hairudishwi, na humpata mwenye makosa popote alipo.
Twaha aliinamia tena injini yake. “Soma, bwana,” akasema. “Soma hata leo.” Jioni akaenda Kiwayu, kuna injini za hoteli za kutengeneza. Ameniachia samaki wa Mama kwa jirani. Hakutaka kufika nyumbani.
Mtu asiye na hatia angekaa. Ndivyo ninavyojiambia.

Alhamisi, 11 Septemba
Ustadhi ameuliza nimeibiwa nini. Nimesema ni mambo ya nyumbani. Amekubali shingo upande. Kesho, baada ya sala ya alasiri.
Nimepita kuangalia: 493. Twaha yuko Kiwayu tangu jana.
Huenda alifanya jana kabla sijamkuta. Huenda kampa mtu ufunguo. Nimezunguka na hayo hadi kichwa kinauma.
Mama ameuliza mbona Twaha haji. Nimemwambia yote, na kisomo cha kesho pia. Chakula hakugusa.

Ijumaa, 12 Septemba
Nitaandika kama ilivyokuwa.
Nilikuwa nafunga kikoi niende msikitini. Mama akaniita. Alikuwa ameketi mbele ya televisheni, kanga nyeupe, padi mapajani.
“Usisome, mwanangu,” akasema. “Ni mimi.”
Nilidhani anamkinga Twaha. Akawasha. Akaliondoa Vantoro taratibu, upande wa kushoto, kona baada ya kona, hadi kule juu. Akalisimamisha. Bahari ya uongo, buluu mno.
“Tangu babako afe siyaona bahari. Humu ndani sina ndia. Na gari hili halina paa.”
Alijifunza kwa kunitazama mimi. Hakusema kwa sababu ya aibu. Mjane, ndani ya eda, anacheza gemu! Angesikika kila nyumba. Akaona bora anyamaze, nitasahau. Hakujua kwamba mimi sisahau.
Ingepita nusu saa zaidi, ningemsomea mama yangu Halbadiri.
Nilikimbia hadi kwa Ustadhi. Alikuwa ameshatandika mkeka, wasomaji wanne wameketi. Nikasema nimekosea, hakuna mwizi. Nilirudi nikajifungia, nikalia.

Jumamosi, 13 Septemba
Mama ameniapisha. Asijue mtu, Twaha hasa, maana Twaha hana siri. Nimeapa.
Basi nitamwambia nini?

Jumatatu, 22 Septemba
Twaha amerudi. Nimemfuata gatini, mbele ya wale wale, nikamwomba radhi. Nikasema ni mimi mwenyewe niliyekuwa nikiliendesha, nikisahau.
Nilijiandaa kuulizwa. Mtu gani anasahau siku zote hizo? Nilikuwa na uongo wa pili tayari, na wa tatu.
Hakuuliza. Alifuta mikono kwa tambara, akanipa mkono. Akasema yamekwisha. Akasema alijua tangu siku ile kwamba hakuna mtu aliyeligusa, kwamba nilikuwa natafuta tu la kumfukuzia nyumbani kwa Mama.
Sikumsahihisha. Tulikwenda pamoja kumpelekea Mama samaki.