Mativo Yuko Lucky Summer

Jumapili, 31 Desemba 1995

Joto! Joto la kukaanga mtu. Mifereji ya mtaa wetu wa Komarock imekauka tangu juzi na Mama ameniambia nioge kwa kikombe kimoja. Kikombe! Majirani wote wako nje kwenye ngazi. Wanaume wanacheza drafti kwa vizibo vya soda, watoto wananyonya barafu za rangi mpaka ndimi zimekuwa kijani.

Kesho nampeleka Mukai Uhuru Park kupanda boti. Nilimwahidi tangu shule zifungwe. Mama yake, Waringa, ameshukuru sana — yuko mbioni na mambo ya arusi. Arusi ya Waringa. Mke wa marehemu kaka yangu anaolewa na Thuo, makanika wa Dandora, tarehe kumi na tatu. Mama mwenyewe ndiye aliyemwambia akubali. Alisema Waringa bado kijana, hawezi kuozea kwenye ujane wa mtu ambaye hata kaburi hana. Nilidhani atalia. Hakulia. Alirudi kuchagua mchele.

Jumatatu, 1 Januari 1996

Nimemwona Mativo.

Nimeandika. Ngoja nisome tena. Nimemwona Mativo, kaka yangu, ambaye tulimlilia na kumwekea msalaba kule nyumbani Masii.

Nitaandika polepole. Uhuru Park ilijaa watu kama siafu. Mukai na gauni lake jipya la manjano, hataki hata liguswe na vumbi. Tumepiga foleni ya boti juani mpaka nikajuta. Tumezungushwa, amecheka, amelowesha mkono, vizuri. Wakati wa kushuka kulikuwa na mwanamume ameinama pale ukingoni akikagua kasia. Akampa Mukai mkono: ruka mrembo, nimekushika. Sauti hiyo! Nikadhani ni jua. Kisha akainua kichwa. Sikio la kushoto, lile lililochanwa na seng'enge tukiwa watoto. Nywele zimeanza mvi. Ni yeye!

Alinitazama. Uso wake ukawa kama jivu. Akamweka Mukai chini taratibu, akageuka, akatembea — hakukimbia — akaingia kwenye umati akapotea. Nami nimesimama kwenye boti, mguu mmoja hewani. Sikuita. Ningeita nani?

Mukai akaniuliza: Anti, mbona yule ankol alikuwa anatetemeka?

Jumanne, 2 Januari

Sikulala. Sijamwambia mtu.

Labda wamefanana. Watu hufanana. Basi alilosafiria Mativo lilichukuliwa na mto Aprili ya 1990, wakati wa masika. Wengine walipatikana, wengine maji yalikwenda nao. Mkoba wa Mativo ulipatikana, na ndani yake kitambulisho na shati alilopiga pasi Waringa. Nani anahitaji ushahidi zaidi ya huo? Mukai alikuwa ndio kwanza anaanza kutembea. Mama alikaa mwezi mzima bila kuvua kitambaa cha kichwa. Mpaka leo estate nzima inamwita Mama Mativo.

Leo kazini kwa daktari wa meno nimeandika "Mativo" kwenye kadi ya mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe alikuwa mama mmoja wa Kihindi! Daktari akaniuliza kama jino linaniuma mimi.

Alhamisi, 4 Januari

Saa ya lunch nilikwenda mpaka pale kwenye boti. Nikamuuliza kijana anayekatisha tiketi, anaitwa Munyoki. Yule mtu wa makasia siku ya Mwaka Mpya ni nani?

Akacheka. "Huyo ni Kivuva, fundi wa kuchonga. Ndiye hututengenezea makasia. Anakaa Lucky Summer. Kwani siste, amekutoroka?"

Kivuva! Kivuva ni babu yetu. Ni jina la babu aliyempa Mativo jembe lake la kwanza.

Nikakaa kwenye nyasi. Lucky Summer! Siyo Kongo, siyo Uarabuni, siyo mbinguni. Hapa hapa mjini, nyuma ya mtaa wa Baba Dogo! Mimi nimewahi kwenda Lucky Summer kwenye sherehe ya mtoto wa rafiki yangu Falis, tukala keki, tukacheza muziki. Labda alipita nje!

Jumamosi, 6 Januari

Nimerudi. Mama anadhani nilikuwa kwa Falis.

Lucky Summer ni vumbi na nyumba za mawe ambazo hazijapigwa plasta. Niliuliza fundi Kivuva, mwanamke mmoja anayekaanga mihogo akanionyesha bila hata kufikiri. Kibanda cha mabati. Twiga wa mbao wamepangwa nje, mkubwa mpaka mdogo. Yeye ameketi kwenye kigogo, mapajani ana kifaru ambaye hana pembe bado.

Hakushtuka. Alisema tu, "Nilijua utakuja." Kisha akatoa kigoda akakipangusa kwa shati lake.

Nilitafuta mwanamke kwa macho. Kanga ya mwanamke, sufuria za mwanamke, kiatu cha mtoto. Kungekuwa na mwanamke ningeelewa, ningemchukia, basi. Hakuna! Kitanda kimoja na stovu. Kalenda ya mwaka jana.

"Mativo."

"Usiniite hivyo kwa sauti."

Nikamwambia aongee. Akaongea huku akimsugua yule kifaru kwa msasa, hakunitazama. Alisema siku ile aliweka mkoba ndani ya basi, akashuka kununua gazeti, basi likamwacha. Alikasirika sana. Akalala kwa rafiki yake ili apande lingine kesho. Kesho ikaja na habari za mto. Akaogopa, akakaa. Siku iliyofuata alikuwa kwenye hoteli anakunywa chai, redio ikaanza kusoma matangazo ya vifo.

"Nikasikia jina langu," akasema. "Wakamtaja Mama. Wakamtaja Waringa. Wakakutaja na wewe, dada mpendwa Muthoki. Watu kwenye meza wakasema pole kwa familia. Na mimi nikasema pole."

Na yeye akasema pole!

"Ukakaa hapo? Hukuja?"

"Nilikuja. Nilifika mpaka kwenye kona. Nikaona hema, nikasikia kwaya. Nikasema nitangoja watu wapungue. Kesho yake hivyo hivyo. Baada ya wiki, ningesema nini, Muthoki? Ningetokea na gazeti mkononi?"

"Ungesema uko hai!"

Hapo akaacha kusugua. Akasema tangu Baba afe, yeye akiwa darasa la saba, hakuna asubuhi aliyoamka bila kujua ni nani anamngojea. Mama. Mimi na karo yangu ya shule. Mke. Mtoto. Bosi ofisini. Kanisa. Akasema ile wiki aliyokuwa amekufa alilala. "Nililala usingizi, dada. Usinichukie. Sikuwa nimewahi kulala vile."

Nikampiga kofi! Mimi, ambaye hata mende naomba Mama aniulie. Kofi la mkono mzima, kifaru akaanguka, na yule mwanamke wa mihogo akachungulia.

Hakujikinga. Akauliza, "Mama mzima?"

Nikamwambia Mama ana presha. Nikamwambia Waringa anaolewa Jumamosi ijayo. Aliokota kifaru, akampangusa vumbi. Kisha: huyo mtu anampenda mtoto? Nikasema Thuo humfunga Mukai kamba za viatu kila asubuhi ya Jumapili, na mtoto anajua kujifunga mwenyewe.

"Waache basi," akasema. "Usimwambie mtu." Halafu kama aliyechomwa: "Mukai... ndiye yule wa boti? Wa gauni la manjano?"

"Ndiye."

Akatazama kiganja chake. Akakitazama, akakitazama. Nikaondoka nikamwacha hivyo.

Jumapili, 7 Januari

Kanisani. Pasta amesoma tangazo la ndoa ya Waringa na Thuo mara ya tatu na ya mwisho. Waringa, mjane. Kama kuna mtu anayejua kizuizi chochote, aseme sasa.

Feni inazunguka. Mtoto wa mtu anakohoa. Mama pembeni yangu anajipepea na bahasha ya sadaka. Thuo mstari wa mbele, shingo imenyolewa vizuri, masikio yanang'aa.

Sikusimama. Watu wakapiga makofi na vigelegele, na mimi nikapiga.

Jumatano, 10 Januari

Maji yamerudi! Saa kumi alasiri, estate nzima ikapiga kelele kama goli limeingia. Nimejaza kila kitu mpaka bakuli.

Sijala vizuri tangu Jumamosi. Nikinyamaza, Waringa ataolewa akiwa na mume. Nikisema, nitamuua Mama. Kesho namwambia Waringa. Yeye kwanza. Ni maisha yake.

Alhamisi, 11 Januari

Sijui niandike nini. Naandika.

Nilikwenda saluni kwake Kayole baada ya kazi. Alikuwa anamsuka mteja wa mwisho. Nikangoja. Mteja akatoka, nikafunga mlango, nikasema yote kwa pumzi moja. Mativo yuko hai, anachonga twiga, anakaa Lucky Summer.

Waringa hakugeuka. Aliendelea kutoa nywele kwenye kitana.

"Najua," akasema.

Unajua?!

"Nilimwona mwaka juzi sokoni Gikomba. Amebeba gogo begani. Tulitazamana karibu kama mimi na wewe hapa. Nilingoja aseme kitu. Hata salamu ya 'sasa' tu. Akashika njia akaenda na gogo lake. Mimi nikanunua nyanya zangu nikaenda nyumbani."

Nilimuuliza mbona hakusema. Ndipo akageuka, na macho yake yalikuwa makavu kabisa.

"Nimwambie nani? Nimwambie Mama kwamba mtoto wake hajafa, ila yeye hatutaki sisi? Nilimlilia huyo mtu mara moja, Muthoki, nikiwa na mtoto mgongoni. Sina machozi ya pili."

Akasema ikiwa naona vibaya, niende kwa pasta kesho, yeye hatanizuia. Halafu akaniuliza kama nywele zangu nitasukwa kabla ya Jumamosi au nitaenda hivyo hivyo kichwa kama kiota.

Nikakaa kwenye kiti. Akanisuka. Aliniumiza kidogo pale nyuma ya sikio, akasema pole.

Ijumaa, 12 Januari

Sikwenda kwa pasta.

Wamama wamejaa jikoni wanamenya viazi, wanaimba, wanataniana. Mama anacheka nao. Amenunua kofia! Ya zambarau, na manyoya. Anaijaribu mbele ya kioo kila baada ya dakika chache na kuniuliza kama amekuwa kama malkia. Nikasema ndiyo.

Jumamosi, 13 Januari

Arusi ni saa nne, na Waringa anavalia saluni kwake Kayole. Naandika nikiwa chumbani, mlango umefungwa.

Mapema, chai ikichemka, mtu alibisha. Nikadhani ni watu wa viti. Nikafungua. Mativo. Amenyoa, amevaa shati jeupe lenye mikunjo ya dukani. Akasema kwa haraka amekuja kuongea na Waringa, dakika tano tu, amefikiria, hawezi kunyamaza tena, amekuwa akikishika kile kiganja kilichomshika Mukai usiku na mchana. Nilijaribu kufunga mlango. Akaweka mguu.

"Ni nani?" Mama akauliza kutoka jikoni. Akatoka na kikombe mkononi.

Kikombe hakikuanguka. Hilo ndilo nitakalokumbuka. Alikiweka mezani, akasogeza kisahani chini yake vizuri. Akaja mpaka mlangoni, akaweka vidole kwenye lile sikio la kushoto. Akalipapasa. Nilikuwa nimemshika kiuno nikijua ataanguka. Hakuanguka. Mwili wake wote ulikuwa mgumu kama ukuta.

"Ulikuwa wapi?"

"Lucky Summer, Mama."

Alirudia jina hilo kama la nchi ya kigeni. Akauliza kama alikuwa amefungwa jela. Hapana. Mgonjwa? Hapana. Alipoteza akili? Hapana, Mama. Basi akamvuta ndani kwa shati, akamketisha kwenye kochi, akamletea kile kikombe cha chai. Chai yake mwenyewe. Akamtazama anavyokunywa mpaka akamaliza. Hapo ndipo machozi yakamtoka, lakini bila sauti, na uso haukubadilika.

Mativo akasema anataka kumwona Waringa kabla ya kanisa.

"Hapana."

"Mama, bado ni mke wangu."

"Umekaa kimya miaka yote hii," Mama akasema. "Masaa machache hayatakuua. Utakaa hapa. Wakishatoka kanisani, wakishakula, mtoto akishalala, nitarudi. Hapo utaniambia, na mimi nitakuambia."

Akavaa kofia yake ya zambarau. Alichomeka pini mara moja tu ikashika. Nje magari yalikuwa yameanza kupiga honi, wamama wanapanda, Mukai anamwita bibi yake: cucu, cucu, tunachelewa. Mama akaniita pembeni. Akafunga mlango wa mbele kutoka ndani, akanikabidhi ufunguo, akatokea mlango wa jikoni na kuufunga kwa nje. Kabla hajatoka aliniambia kwa Kikamba, chini chini: usimfungulie hata akilia, maana akilia mimi nikiwa hapa nitamfungulia.

Nilikimbilia chumbani. Namsikia sebuleni. Alianza kwa kutembea. Madirisha yana grili. Sasa amekuja mpaka mlango wangu, amekaa chini, naona kivuli chake pale chini. Haniiti dada. Ananiita Muthoki, kama alivyokuwa akiniita akija kuniamsha niende shule.

Anasema, "Muthoki, fungua. Nataka tu nimwone Waringa akipita. Nitasimama mbali."

Honi zimefika barabarani. Ninasikia vigelegele vya wamama, na nadhani nasikia vya Mama pia, vikubwa kuliko vyote. Ufunguo uko mkononi mwangu na umepata joto. Anagonga tena, kidole kimoja tu, polepole. Nimesimama. Nimekaa. Nimesimama