Msimamizi Aliyeipenda Mikono

6 Februari

Kwa mdogo wangu,

Salamu nyingi. Huku sisi hatujambo, ni mgongo wangu tu unaolalamika, na huo umeshazoea kulalamika. Wewe je, kifua kimepona? Na wanafunzi wako wa fasihi bado wanasinzia ukiwafundisha?

Nina jambo. Unamkumbuka Mama Pasi, mwenzangu wa hapa chumba cha kufulia cha hospitali. Mashuka ya wodini huletwa kwetu kwenye mifuko, na kabla hayajaingia mashineni lazima tuyapapase kwa viganja, shuka baada ya shuka, kwa sababu wauguzi wakiwa na haraka husahau sindano ndani. Tunapapasa damu, usaha na matapishi kwa mikono mitupu. Wiki iliyopita sindano ilimwingia Mama Pasi kwenye kidole cha shahada, na sasa mkono umevimba mpaka kiwiko. Tulikwenda kwa msimamizi kuomba glavu. Akatuambia bila kupepesa macho: "Sindano ikiingia kwenye mashine, mashine inakufa. Ikiingia mkononi, mkono unapona."

Nilitoka pale nikitamani kutema mate. Wewe ni mwandishi. Andika, watu wajue.

Dada yako


1 Machi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Kifua kimetulia, wanafunzi bado wanasinzia, na mimi ni mzima wa kutosha.

Nimeandika. Jarida limetoka jana na nakutumia nakala. Sikutaka kumtukana tu mtu yule, maana matusi hayana ufundi. Nimetumia kinaya: nimemsifu. Msomaji anasoma sifa, na kadiri sifa zinavyopanda ndivyo anavyouona uoza ulio chini yake, na anauona mwenyewe bila mimi kumshika mkono. Onja kidogo: "Msimamizi wetu aliipenda mikono ya wafanyakazi wake kiasi kwamba hakuvumilia kuiona imefunikwa. Mashine zina mafuta na boliti. Mikono peke yake, alisema, ndiyo iliyojaliwa moyo wa kupona." Mhariri ananiambia ni sumu iliyotiwa asali.

Mpe pole Mama Pasi. Mwambie amelipiziwa kisasi.

Mdogo wako


24 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Afya si mbaya, ila usingizi umenihama.

Nilifanya kosa. Nililipeleka jarida kazini wenzangu walisome, nikalisahau kwenye meza ya kupigia pasi, na msimamizi akalichukua. Nikajua kazi sina tena. Siku tatu baadaye akatukusanya wote, akaisoma hadithi yako kwa sauti kuanzia juu mpaka chini, na alipofika kwenye moyo wa kupona, sauti ikamkatika. Alilia, mdogo wangu. Alitoa leso akapenga kamasi mbele yetu, kisha akanishika bega na kusema kwamba familia yetu inajua kushukuru. Mkono wake ulikuwa na unyevu wa ile leso. Nimelifua gauni lile mara mbili na bado sitaki kulivaa.

Sasa hadithi imetiwa kwenye fremu na kutundikwa juu ya pipa la mashuka machafu. Tukiomba glavu, anatuonyesha fremu.

Wenzangu wanahama benchi nikija kula. Wanasema nimejipendekeza kupitia kwako. Mama Pasi hakusema hivyo, aliniuliza tu, taratibu, "Mdogo wako aliahidiwa nini?" Nikaanza kumweleza habari za kinaya, nikajisikia punguani. Kidole chake walikikata Jumatatu.

Dada yako


9 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo, na pole sana. Mfikishie na Mama Pasi pole yangu.

Barua yako ilinichekesha, kisha ikanitia kichefuchefu. Mtu anazabwa kofi halafu anauliza mkono umepakwa manukato gani. Hawa ndio wasomaji tulio nao. Wanameza maneno bila kutafuna, na ukiwawekea mfupa wanausifia utamu. Nimechukizwa kiasi kwamba juzi nilishindwa kuandika hata mstari mmoja.

Lakini niseme haki: nimelisimulia tukio hili darasani kama mfano wa kinaya cha hali, yaani hadithi ya kumdhihaki mtu inageuka pambo la ofisi yake, na kwa mara ya kwanza mwaka huu hakuna aliyesinzia. Hadithi yenyewe haina kasoro, dada. Kasoro ni ya msomaji. Halafu, nilisahau: imeingia kwenye orodha ya mwisho ya kuwania tuzo.

Mdogo wako


20 Aprili

Mdogo wangu,

Sisi ni wazima. Sina nafasi ya kuuliza mengi.

Mama Pasi amepeleka malalamiko, na mkaguzi wa usalama kazini atakuja tarehe 12 Mei kumsikiliza. Msimamizi ameshaitia hadithi yako kwenye jalada kama ushahidi wake. Anasema mwandishi msomi, ndugu wa mfanyakazi, ameona namna anavyotutunza. Mama Pasi akishinda, sote tutapata glavu na hospitali itaendelea kumtibu mkono. Akishindwa anaondolewa kwa uzembe, maana wameandika kwamba hakuwa makini.

Nataka ukurasa mmoja wenye saini yako. Sema ulikuwa unamdhihaki. Sema glavu hatuna na hatujawahi kupewa. Sema yale maneno ya mashine na mkono ni yake, mimi niliyasikia kwa masikio yangu nikakuandikia. Usiweke tashbihi, usiweke sitiari, usimsifu mtu. Andika kama unavyomwandikia mwenye nyumba kwamba paa linavuja.

Dada yako


3 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini usingizi umerudi.

Nimejaribu mara sita na mara sita nimechana. Mwandishi akishaanza kusema "hapa nilikuwa natania," ameichinja kazi yake mwenyewe. Zaidi ya hayo, waamuzi wa tuzo wanakutana mwezi huu, na nikitoa maelezo sasa wataona hata mimi siiamini hadithi yangu. Sikatai, usinielewe vibaya. Natafuta njia ya kuusema ukweli bila kuivunja hadithi. Nivumilie siku chache.

Mdogo wako


29 Mei

Mdogo wangu,

Huku hatujambo. Nadhani nawe hujambo.

Tarehe 12 nilikaa kwenye benchi la ukumbini nikimkodolea macho kila aliyeingia na bahasha. Mkaguzi aliisoma hadithi yako yote, msimamizi akiitikia kwa kichwa kama bwana harusi anayesikiliza hotuba. Nikasimama nikasema si kweli. Mkaguzi akauliza kama mwandishi ni mdogo wangu wa tumbo moja. Nikasema ndiye.

"Kwa hiyo unasema mdogo wako ni mwongo?"

Nikayatafuta yale maneno yako. Nikaanza kueleza kwamba alisifu lakini hakusifu, watu wakaguna, mmoja akacheka. Mama Pasi alikuwa amekaa mbele, mkono wake wenye bendeji umelala mapajani, ananitazama. Basi nikasema, "Ndiyo. Mdogo wangu ni mwongo."

Mkaguzi akaandika. Halafu akaamua kwamba kwa kuwa ndugu wawili wanapingana, atafuata maneno yaliyochapishwa. Mama Pasi ameondolewa kwa uzembe. Nilimsaidia kufungasha vitu vyake, maana kwa mkono mmoja alishindwa kufunga mfuko, na hakunilaumu hata kwa neno. Mimi nimebakizwa. Msimamizi anasema dada wa mwandishi hawezi kufukuzwa hapa, na kwamba amenisamehe kwa yale niliyosema. Bado tunapapasa. Aliyeletwa mahali pa Mama Pasi alichomwa na sindano siku yake ya nne.

Maelezo yako yalifika jana, siku kumi na sita baada ya kikao. Kurasa nne. Niliyasoma nimekaa juu ya mifuko ya mashuka ya wodini, na nakuambia kweli, mashuka yale yalikuwa na harufu afadhali. Umeeleza kinaya, umeeleza kejeli, umeeleza msimulizi asiyeaminika, umeeleza namna ulivyoteseka mara sita ukichana karatasi. Yameandikwa vizuri, siwezi kukunyima hilo. Nilitaka nikujibu kwa mtindo wako, nikusifu mpaka ujione, nikaanza, nikaona nitakuwa mchafu kama wewe. Kwa hiyo chukua neno lenyewe: umenichukiza.

Kisha nikarudia kusoma, safari hii nikifuata mistari kwa kidole, nikitafuta kitu kimoja tu. Kurasa zote nne, mdogo wangu, na hakuna mahali ulipoandika kwamba glavu hatuna.

Dada yako